Pingamizi la Ghorofa ya Sita

Jumatatu, 5 Machi 2012

Manispaa imetoa orodha mpya ya thamani za nyumba. Mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, nami nimekwenda kuisoma. Flati yangu imo. Ya Anaclet imo pia: jengo lile lile katika mtaa huu wa Albert Park, vyumba vile vile, ghorofa moja juu yangu. Yake ina thamani kubwa kuliko yangu.

Nikasoma tena. Nikamwomba karani anisomee. Akasoma vile vile.

Wakati wenyewe mbaya. Kaka yangu Nahimana, aliyeko Bujumbura, anamwoza binti yake Ineza, tunayeishi naye hapa. Ujumbe wa bwana harusi, Josias, kijana wa Bukavu, utaleta mahari mwezi wa tisa. Kaka amesema upokelewe katika nyumba ya kutupatia heshima. Mimi ndiye baba mdogo wa Ineza, kwa hiyo nyumba ni yangu. Lakini Anaclet ni mtu wa kilima chetu cha kwetu nyumbani, ana sofa za ngozi, na sasa ana karatasi ya serikali.

Jumatano, 7 Machi

Nimemwambia mke wangu, Valérie, kwamba naweka pingamizi. Alifurahi. Kodi ya manispaa, inayopanda na kushuka pamoja na thamani ya nyumba, hulipwa na yeye, kutoka saluni yake ya mjini. Akasema afadhali, leo nimepata wazo. Kisha akachungulia fomu, akaona nimeandika thamani ipandishwe.

Akauliza kama nimewahi kuona mtu akienda sokoni Warwick kumwomba muuza nyanya aongeze bei. Nikasema heshima si nyanya. "Sawa, Baba Armel," akasema, "heshima hiyo utailipia wewe." Akarudi saluni.

Ijumaa, 9 Machi

Fomu nimeipeleka. Karani, mama mmoja wa Kizulu mwenye miwani, aliniita baba na kunionyesha kosa langu kwa upole. Watu huomba ishuke, alisema. Nikasema mimi naomba ipande. "Eish," akasema, akamwita mwenzake aje anitazame. Mwenzake alikuja na kikombe chake cha chai.

Sababu nilizoandika: vigae vipya bafuni, majirani wenye adabu, isipokuwa mmoja, bandari inaonekana. Bandari inaonekana kweli, ukisimama juu ya choo.

Nimekutana na Anaclet kwenye lifti. Naye anapeleka pingamizi. Sikumuuliza la nini. Ni wazi anataka kuniacha mbali zaidi.

Jumanne, 12 Juni

Mthamini amekuja: Bi Naidoo, na futi yake ya kupimia. Ameletwa na msimamizi wa jengo, Bwana Pillay.

Nilikuwa nimeazima zulia na taa ya kanisani. Bi Naidoo akasema hathamini mazulia. Nikamwalika asimame juu ya choo aone bandari. Alikataa kwa adabu. Valérie akaanza kumwonyesha ukuta unaovuja, ikabidi nisimame mbele ya ukuta. Valérie akamwambia unavuja hadi nyuma ya huyo bwana.

Mambo yakawa yanaharibika. Ndipo nikafungua chumba cha mwisho. Zamani kilikuwa balkoni. Nilikiziba mwenyewe kwa matofali na madirisha, na Ineza hulala humo. Nikasema hiki Anaclet hana. Bi Naidoo akapima, akaandika. Bwana Pillay naye akaandika. Akauliza ruhusa ya kujenga niliipata wapi. Nikajibu ruhusa ya nini, na nyumba ni yangu. Hilo pia aliliandika.

Kwa jumla, siku nzuri.

Jumamosi, 30 Juni

Kamati ya jengo imetuma mafundi. Chumba kimekuwa balkoni tena. Ineza amehamia sebuleni na kitanda chake, na njiwa wamerudi.

Ineza alimpigia baba yake. Baba yake akanipigia mimi. Alisema wageni wa mahari hawapokelewi kando ya kitanda, na sherehe itakuwa kwa Anaclet. Nikamsihi angoje jibu la pingamizi. Simu ikakatika. Mtandao wa Bujumbura si mzuri.

Alhamisi, 30 Agosti

Jibu limefika. Nimeshinda. Thamani imepandishwa kwa sababu ya chumba cha ziada. Nimempita Anaclet.

Valérie akauliza kodi ya chumba ambacho hakipo italipwa na nani. Akapendekeza njiwa. Mimi nimekwenda kutoa nakala za barua, zitoshe wageni wote.

Jumamosi, 1 Septemba

Sherehe imefanyika kwa Anaclet. Mimi nilikalishwa karibu na friji.

Anaclet ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alitaja ng'ombe kama tulivyopatana, na kaka alikuwa akisikiliza kwenye simu iliyowekwa mezani. Nikaona watu wa Bukavu bado hawajajua wanaoa katika ukoo wa namna gani. Nikasimama, nikagawa nakala.

Msemaji wao, mzee Athanase, aliisoma kimya kimya, kisha kwa sauti. "Ndugu zangu," akasema, "kumbe hapa iko utajiri, na serikali imeweka muhuri. Baba mdogo mwenye mali hivi, ng'ombe wa kijana wetu maskini anawatakia nini?" Watu walicheka sana. Akaomba ng'ombe wawili waondolewe. Anaclet alibishana vizuri, lakini kila mtu alikuwa na barua yangu mkononi. Wakaondolewa. Kaka alisema kitu kwa Kirundi ambacho sitakiandika.

Ineza alipoletwa mbele alisalimia upande wetu wote, mtu kwa mtu. Mimi aliniruka, akaitabasamia friji.

Baada ya chakula watu walimzunguka Anaclet. Kumbe pingamizi lake lilikuwa la kushusha, na limekubaliwa. Kila mtu alitaka kujua aliandika nini. Nimewahurumia.

Ni Salvator peke yake aliyekuja kwangu, yule wa ghorofa ya nane. Anataka kuuza flati yake mwakani, na anaona thamani waliyompa ni ndogo. Akauliza kama naweza kumsaidia ipande. Tunaanza Jumatatu. Nimempa sharti moja tu: isizidi yangu.