Samaki wa Kujaribia Friza

Jumatatu, 4 Machi

Mimi ni mtu wa bahati. Wengine huikimbiza dunia, mimi dunia hunifuata mpaka mlangoni ikapiga hodi. Ushahidi: leo nimemaliza kutengeneza friza ya mama mwenye mgahawa, akafurahi mpaka akanizawadia samaki. Si kisamaki. Jodari, mnene kama paja la mpiga mieleka! Sikuomba. Nyota tu.

Na samaki huyu amekuja siku yake. Mke wangu ana siku kumi na tatu kwa dada yake, yeye na binti yetu. Kosa langu lilikuwa dogo: nilichomoa mota ya cherehani yake nikaifunga kwenye feni ya friji ya mteja. Ya kuazima! Nani alijua ana sare arobaini za kushona wiki ile? Leo kapiga simu. Dada yake anahamia mji mwingine, kapata chumba cha ushonaji, na nafasi ya mke wangu ipo. Watakuja Alhamisi jioni kula. Akimkuta mume asiye na ujanja, hata kwa jioni moja, atabaki. Akikuta ujanja, Jumamosi wanapanda gari wote watatu.

Nikamwambia aje na njaa. Binti akapokonya simu, anataka taco za samaki, vile vimikate vya kigeni vya mahindi vinavyokunjwa na kitoweo ndani, kaziona kwenye simu ya mama mkubwa. Nikamwambia hizo baba yako kazila mpaka kazichoka, enzi za ubaharia. (Nilitengeneza friji za meli miezi miwili. Meli ilikuwa imetia nanga. Lakini bahari ni moja.) Neno lenyewe naliandika kwa c. Kwa k, mbele ya shemeji, nitaonekana mhuni.

Jumanne, 5 Machi

Friji ya nyumbani haigandishi. Kinyozi hajinyoi. Kwa hiyo samaki yuko karakana, na hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Ukitengeneza friza lazima uweke kitu ndani uone kama inagandisha. Mafundi wengine huweka chupa ya maji. Mimi nina samaki! Anahifadhiwa, na papo hapo anafanya kazi. Nani mwingine ana kitoweo chenye ajira?

Friza ya kwanza ilimshika vizuri, ila asubuhi gesi ikavuja, nikamkuta anaogelea kwenye maji yake. Nikamhamishia ya pili. Alasiri alikuwa ubao. Mteja alipofika nikamgonga samaki kwa bisibisi, ngo ngo ngo, mteja akacheka, akabeba friza yake. Samaki akabaki mezani, kwa sababu ya Waya.

Waya ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Ana wivu, na ovaroli yake anaipiga pasi. Alivuka kuniuliza huyo samaki ni mali au mgonjwa, maana tangu asubuhi kamwona akilazwa na kuruhusiwa mara mbili. Nikamjibu kilichoganda ni kizima. Akasema mpe paka. Nikasema bila shaka paka wako ndiye kakutuma. Tukabishana mpaka jua likahamia mezani na samaki akaanza kutoka jasho. Nikamtia friza ya tatu.

Jumatano, 6 Machi

Umeme ulikatika alfajiri, ukarudi alasiri. Sikufungua friza. Nisichokiona hakijaharibika. Jioni alikuwa jiwe tena. Sijaona kiumbe mvumilivu kama huyu.

Mazoezi ya mikate. Unga wa mahindi, maji ya moto, chumvi. Wa kwanza ukapasuka kama ardhi ya kiangazi. Wa pili ukakataa kuachana na kikaango, nikawatenganisha kwa patasi. Sina mti wa kusukumia, nikatumia bomba la shaba la friji. Nililiosha! Wa kumi na moja ukakunjika bila kuvunjika. Nikashangilia peke yangu jikoni. Nyumba ikanirudishia sauti yangu. Nyumba tupu haina adabu.

Mota nimeirudisha kwenye cherehani. Nimejaribu kushona, nimeshona mkono wa shati nililovaa. Inafanya kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Saa kumi. Samaki ana harufu. Si mbaya. Harufu ya mtu aliyetoka safari. Ndimu sita, siki, kitunguu saumu, pilipili manga: akanyamaza. Nimemkata vipande, nimemchovya kwenye yai na unga, nimemkaanga. Kabichi nimeikata nyembamba kama nyuzi. Nyanya, kitunguu, mtindi wa ndimu na pilipili. Paka wa Waya kakaa dirishani, nimemrushia kichwa. Kakinusa, kaondoka. Paka asiye na shule! Nimeonja kipande: ulimi umewasha, kama nimelamba betri. Pilipili hiyo.

Wamefika!

Ijumaa, 8 Machi

Niandike haraka kabla sijaanza kutunga.

Mke wangu aliingia, akaiendea cherehani kwanza. Akakanyaga, ikalia. Kisha akavua mtandio wake akautundika kwenye msumari wake wa zamani. Ule msumari! Nusura nilie. Binti akakunja taco, mtindi ukamchuruzika mpaka kiwikoni, akasema baba, kumbe ulikuwa baharia kweli. Shemeji, ambaye hunitazama kama dawa iliyopitwa na muda, akasema loo, kumbe mikono unayo. Mke wangu akauma, akatafuna polepole, akauliza samaki wa lini. Nikasema wa leo asubuhi, katoka majini bado anapepesa macho. Akanitazama. Akaendelea kula.

Robo saa haikufika. Binti akasema masikio yanawaka. Uso ukamvimba, vipele vikamtambaa shingoni, midomo ikamwasha, akasema moyo wake unakimbia. Mimi mwenyewe kichwa kinagonga kama nyundo. Shemeji akamtupa mtoto mgongoni, tukakimbia zahanati ya mtaa wa pili.

Muuguzi akauliza mtoto kala nini, na samaki alihifadhiwaje. Nikasema wa leo asubuhi. Akasema baba, mimi si mkeo, nataka kujua namtibu nini. Nikasema tena, leo asubuhi, kwa sauti ndogo. Binti akatapikia viatu vyangu. Mke wangu hakupaza sauti. Alisema tu, mume wangu, nakuomba, mara hii moja.

Nikasema. Siku tatu, friza tatu, jua la mezani, umeme. Muuguzi akaandika, akamchoma mtoto sindano, akaeleza kwamba jodari akipata joto hutengeneza sumu ambayo moto hauiui wala barafu haiitoi. Nikauliza kama hilo linajulikana na watu wote. Akasema hata paka wanajua.

Uvimbe ukashuka. Asubuhi binti kaomba chai na mkate. Mzima! Mke wangu kanishukuru kwa kusema ukweli. Kanishukuru kama unavyomshukuru dereva ukishafika. La samaki angenisamehe, kasema, hakuna asiyewahi kuunguza chungu. Lakini nilimwona mtoto anavimba, nikasema leo asubuhi mara ya pili.

Jumapili, 10 Machi

Waliondoka jana. Niliibeba cherehani mpaka kituoni. Waya alishika upande wa pili bila kuombwa na bila neno la kejeli, nikamchukia zaidi. Binti alinipungia mkono mpaka gari likakata kona. Kisha nikaendelea kupunga, watu wakadhani nasimamisha teksi.

Sasa mpango. Binti kaninong'oneza kwamba chumba chao kipya hakina friji. Hapa karakana kuna friji ndogo safi ya mteja mmoja, wiki tatu hajaiulizia. Nitaipaka rangi ya waridi, niipeleke Jumamosi, niseme nimeshinda bahati nasibu. Mwenyewe akija, nitamwambia kompresa yake iko njiani. Haiwezi kushindikana! Shemeji akiuliza imekuwaje nikashinda, nitamjibu kwamba mimi ni mtu wa bahati.

Si kweli. Sina bahati yoyote. Mama mwenye mgahawa hakunizawadia samaki. Friza yake ilikuwa imezima siku mbili. Aliniambia nikitoka nimtupe.