Mfupa Shavuni mwa Daktari

Khagendra Thapaliya hakuwahi kuwapenda mbwa, na mbwa nao hawakuwahi kumficha maoni yao juu yake. Lakini siku moja kabla ya sikukuu ya mbwa, akiwa kwenye kibanda cha chai hapa mjini Patan, alimsikia mwalimu mmoja akilalamika, na mapenzi yakamjaa moyoni ghafla.

"Mfupa wa kuku ukishapikwa unapasuka vipande vyenye ncha," mwalimu alisema. "Mbwa wa jirani yangu ulimtoboa utumbo. Sasa kesho nimvishe wangu maua, nimpake rangi ya baraka, halafu nimpe nini atafune?"

Khagendra aliiacha chai yake nusu, akatoka mbio.

Asubuhi ya sikukuu alitokea kwenye ua mmoja mkubwa wa mtaani, amevaa koti jeupe la kinyozi, kabeba sinia. Mbwa wote walikuwa na mashada ya maua ya manjano shingoni na doa jekundu kwenye paji la uso. Hata koko wa jalalani walitembea kwa madaha kama mabwana harusi. Juu ya sinia kulikuwa na vijiti vya rangi ya maziwa yaliyoungua.

"Churpi!" alinadi. "Jibini la maziwa ya yaki, limekaushwa moshini miaka mitatu! Halipasuki, halitoboi! Mimi ni Daktari Khagendra, mtoto wa wachunga yaki wa milima ya Rasuwa!"

Kwa kweli alizaliwa tambarare, kwenye joto, na yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, alimwona kwenye kalenda tu. Na vile vijiti vilikuwa mabaki ya mifupa ya nyati wa kufugwa aliyoyaokota nyuma ya karakana ya wachonga vinyago vya mifupa, akayafukiza moshi na kuyapaka samli. Ilimpasa ayauze yote siku hiyo hiyo. Kesho yake ilikuwa zamu ya ng'ombe kuvishwa maua, na ng'ombe hatafuni mifupa.

"Bei gani, daktari?" aliuliza bwana mmoja mwenye mbwa mnene.

"Rupia mia nane, kaka."

"Mia nane! Mimi mwenyewe sijawahi kula kitu cha mia nane."

"Na meno yako yanaonyesha, kaka."

Watu wakacheka, mikono ikaanza kuingia mifukoni. Hapo ndipo Mama Asamaya Shilpakar aliposhuka ngazi za nyumba yake, polepole, na mbwa wake Khaire nyuma. Khaire alikuwa na miaka kumi na mitatu na meno sita, na Mama Asamaya aliyalinda yale meno kuliko yake mwenyewe, ambayo yalikuwa manne.

Alichukua kijiti kimoja. Akakibonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. Akakigonga kwenye goti la Khagendra.

"Ai!"

"Imeuma?"

"Kidogo tu, mama."

"Aha," alisema Mama Asamaya, akakigeuza na kutazama ncha yake.

Daktari wetu, katika elimu yake yote, alikuwa amesahau kuuliza jambo dogo: wakazi wa ua ule walifanya kazi gani. Mama Asamaya aliolewa na mchonga mifupa, akaishi naye miaka arobaini akifagia mabaki ya namna hiyo kila jioni. Alama ya msumeno aliijua kama uso wa mwanawe. Lakini hakupiga kelele. Juu darini alikuwa na gunia zima la churpi halisi, ambalo mkwewe alilileta kutoka milimani, na kwa miaka miwili majirani walikataa kulinunua wakisema ni ghali.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti tamu, "huko kwenu Rasuwa si mnaitia shavuni asubuhi, mkaifyonza mpaka mchana?"

"Naam, mama. Mtu wa milimani halisi haitemi. Anayetema ni wa kughushi."

"Basi tia hiki. Kikilainika, nanunua sinia zima."

Sinia zima! Khagendra alikitupa shavuni bila kufikiri mara mbili. Mara ya pili ilipokuja, mdomo ulikuwa umeshajaa. Kijiti kilibana ulimi upande mmoja na fizi upande mwingine, na ile mashine ya maneno iliyomlisha miaka kumi na tano ikazimika.

Mama Asamaya akamkalisha kwenye ngazi, akasimama kando yake, na gunia likateremshwa.

"Daktari hawezi kusema, ana kazi mdomoni," aliwatangazia. "Nitamsemea. Daktari anasema mbwa mzee alowekewe churpi kwenye maji ya moto mpaka ukucha uingie. Si ndivyo, daktari?"

"Mm," alisema daktari.

"Anasema kipande kiwe kirefu kuliko mdomo wa mbwa, asije akakimeza. Kikibaki kidogo, mnyang'anye, kichome kwenye kaa la moto. Churpi halisi inavimba kama bisi na kulainika. Mfupa unanuka nywele zilizoungua. Sivyo?"

"Mm-mm!"

"Kakubali mara mbili, jamani. Na bei ni ile ile aliyoitaja yeye."

Akachoma kipande cha churpi kutoka gunia lake kwenye chetezo. Kikavimba, kikanukia maziwa. Watu wakasukumana. Khagendra alitazama rupia mia nane mia nane zikipita mbele ya pua yake. Kutema ni kujitaja kuwa wa kughushi mbele ya watu thelathini na mbwa ishirini. Akafyonza.

"Kinalainika, daktari?" aliuliza yule bwana wa mbwa mnene, akirudi mara ya pili.

Daktari aliinua kidole gumba, machozi yakimtoka.

Kufikia mchana gunia lilikuwa tupu. Khaire alilala juani na kipande chake kilicholowekwa, akikitafuna kwa meno yote sita. Watu walipokwenda kula, Mama Asamaya alikinga kiganja chini ya kidevu cha Khagendra.

"Tema, mwanangu."

Mfupa ulitoka umeng'aa kuliko ulivyoingia.

Khagendra alifunga macho akingoja kofi, au polisi. Badala yake alihisi kitu laini shingoni. Lilikuwa shada la maua ya manjano. Kidole chenye rangi kikamgusa kwenye paji la uso.

"Kesho tuna maziwa ya kuwauzia wenye ng'ombe," alisema Mama Asamaya. "Njoo mapema. Ukinyamaza, unauza sana."