Linki ya Korosho na Bango la Saluni

Jumatatu, 4 Novemba

Leo historia ya mtaa wetu wa Chuno imeanza. Kinyozi Godfrey anabadilisha bango la saluni yake. Yule jamaa wa zamani mwenye kichwa kama boga anafutwa. Atachorwa kijana mtanashati kuliko wote, atakayepigiwa kura kwenye simu. Picha na pointi tu, majina hakuna, ili ndugu wasipendeleane. Kura moja, pointi hamsini. Mwisho Ijumaa jioni.

Na bango linatazamana na cherehani ya Somoe, fundi nguo wa moyo wangu! Somoe akiinua kichwa kukata uzi, mimi. Akitafuta sindano, mimi. Mwaka mzima!

Tumebaki wawili. Mimi, kwa koti la kuazima na miwani myeusi. Na Isaya, mtoto wa karani wa bandarini, mwenye ndevu za kuchongwa na cheti cha kidato cha sita. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, na naamini mpaka leo inanikumbuka.

Isaya 2,900. Mimi 2,450. Wizi mtupu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda kijijini Madimba kwa Bibi Zawadi kusaka kura. Nikamkuta Mjomba Hassani, katibu wa chama cha msingi cha korosho, yuko juu ya gari la matangazo anawasomea wakulima linki ya bei za mnada. Herufi moja moja! Eichi, ti, ti, pi, nukta pacha, mkwaju, mkwaju tena. Alipotaja alama ya asilimia, mzee mmoja akadhani ni makato mapya, akaanza kugomba. Mjomba akapoteza mahali alipofika. Akaanza upya.

Nikamwonea huruma. Nikaingia kwenye tovuti ya kufupisha linki, nikachagua jina mwenyewe: korosho. Sasa unaandika jina la tovuti, mkwaju mmoja, korosho, umefika. Hakuna kutafuta, hakuna kupotea. Bibi, ambaye simu janja aliyonunuliwa na shangazi alikuwa akiitumia kama kioo cha kufungia kilemba, kafungua mara moja tu.

Wameniita injinia. Sikubisha.

Alhamisi, 7 Novemba

Wazo limekuja nikisubiri chipsi. Linki fupi ni kama mlango. Kibao cha nje kinabaki kilekile, chumba cha ndani unabadilisha utakavyo. Na ufunguo ninao mimi!

Kesho baada ya swala, Madimba nzima itafungua korosho kuangalia bei. Je, wakikuta ukurasa wa Godfrey? Watamwona mjukuu wao. Isaya hawamjui hata kwa kivuli. Watabonyeza. Halafu narudisha kila kitu kabla bei ya kweli haijatoka. Saa moja tu. Nani ataumia?

Somoe kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ajiandae kuniona sana. Kasema hata sasa ananiona vya kutosha. Aibu za wasichana hizo.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku mbaya.

Nimegeuza linki kama nilivyopanga. Saa saba na nusu mchana pointi zikaanza kutembea. Nikaruka, nikamwagia mtu chai. Kisha nikatazama vizuri. Zinazotembea ni za Isaya! 3,200. 3,900. 4,600. Zangu zimeganda palepale. Nikasema mtandao una hitilafu. Nikazima simu, nikawasha. Isaya 5,300! Madimba, damu yangu, wanamchagua mtoto wa karani!

Nikataka kurudisha linki. Bando limekwisha. Nikakimbia kwa Somoe kumwomba aniwashie mtandao wake. Akamaliza kwanza kukunja pindo la suruali ya mteja. Suruali ndefu sana. Sijapata kuona suruali ndefu vile.

Nilipofanikiwa kurudisha, Mjomba akapiga simu. Hakunisalimia. Alisema neno moja tu, njoo.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda. Nimejua yote.

Kwetu mkulima ana haki ya kuikubali au kuikataa bei ya mnada. Basi wamefungua linki ya korosho, wakaona sura mbili, kila moja na namba chini yake na kitufe cha kuchagua. Wakajua msimu huu wanunuzi wamejitokeza wenyewe. Wa ndevu anatoa 2,900 kwa kilo. Wa miwani 2,450. Nani mwenye akili zake atamchagua wa miwani? Na kumbe wa ndevu kila akiguswa anapanda! Wakaitana mpaka mashambani. Waliokosa simu wakaazima. Mzee yule wa makato kasema tangu azaliwe hajakutana na mnunuzi muungwana namna ile.

Bei ya kweli ilipotangazwa, wakaikataa kwa kauli moja. Wanamtaka wa ndevu. Mjomba kajieleza mpaka sauti imemkauka, na wengine bado wanasema chama kimemficha.

Kilichoniuma si hicho. Nikamuuliza Bibi ina maana hakunitambua, mimi niliyekulia mgongoni mwake. Bibi hakuacha kumenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

"Nilikuona, mjukuu wangu," akasema. "Nikajua umeingia kwenye kangomba. Nikasema, hata kama ni wangu, korosho zangu hapati."

Kangomba! Mimi! Wale walanguzi wanaopita nyumba kwa nyumba kuwapunja wakulima! Kisa nini? Bibi kasema ni ile miwani.

Jumatatu, 11 Novemba

Adhabu ya Mjomba: nimepanda gari la matangazo, nimezunguka Madimba yote nikiisoma linki ndefu herufi moja moja. Fupi imefutwa. Kwenye alama ya asilimia nimerushiwa ganda la muhogo. Watoto walikimbia nyuma ya gari wakiniita Kangomba.

Nimerudi Chuno. Isaya yuko bangoni. Fundi kamchora pua imelala upande mmoja na macho makubwa kama ya samaki. Na Somoe amegeuza cherehani! Anasema hawezi kushona huku mtu anamkodolea macho kutwa. Maana yake iko wazi: hamtaki Isaya.

Sasa anatazama upande wa pili, lilipo genge la chipsi la Joshua. Na Joshua anataka bango. Lenye sura ya mteja. Kwa kura!

Safari hii nimejifunza. Kosa lilikuwa miwani. Nimepiga picha mpya bila miwani, nimegeuka upande, nikila yai.

Kisha nikamwambia Mjomba kwamba dhamiri inanisuta, ningependa kuwaomba Madimba radhi kwa maandishi. Amefurahi. Kanipa dakika mbili kwenye gari kesho. Nimeshatengeneza linki fupi. Inaitwa samahani. Chumba cha ndani ni kura za Joshua.

Nimempigia Bibi, yeye peke yake, nikamweleza siri: akifungua, abonyeze kijana anayekula yai. Bibi kasema hakuna shida, mjukuu ni mjukuu.

Ila kwanza ataangalia bei.