Gesi ni Gesi

Jumatatu, 3 Februari
Nimeamua. Gari la marehemu Mama litatoa baridi tena, na fundi ni mimi. Miezi minne sasa Baba hajalitoa uani. Kila alasiri anaingia, anapandisha vioo, anawasha feni ya kiyoyozi, inampulizia hewa ya moto usoni mpaka shati linalowa chapachapa. Dada anaogopa atatufia humo humo. Mimi naona tatizo ni joto tu. Akipata baridi atatabasamu, ataliendesha, tutarudi kuwa watu.

Nimemuuliza shemeji, mume wa dada, fundi wa viyoyozi. (Namwita Profesa. Anajua kila kitu, hana raha.) Kasema gari la zamani, gesi ya kiyoyozi chake haitengenezwi tena. Kuhamia gesi mpya lazima umwage oili yote, ubadili mipira ya kila kiungo, ubadili na kichujio. Eti siku mbili. Siku mbili! Nikamwambia, shem, gesi ni gesi. Akaniangalia kama anaangalia pancha.

Jumanne, 4 Februari
Nimeazima mtungi wa gesi mpya karakanani kwa Profesa. Yeye hajui kama kaniazima.

Mdomo wa mtungi haukuingia kwenye bomba la zamani. Mwingine angekata tamaa. Mimi nikaunga kwa mpira na waya. Oili sikuigusa. Imetulia zake, ya nini kuisumbua?

Jumatano, 5 Februari
BARIDI! Dakika kumi na moja nzima! Ila ilitoka kwa kusuasua, kama inaombwa. Nikachungulia tundu la hewa upande wa dereva. Kumbe pamba! Donge jeusi, limesukumizwa ndani kwa kidole cha mtu. Nikalichomoa kwa koleo, nikalitupa kwenye moto wa takataka. Profesa na shule yake yote hakuliona. Nikasugua matundu yote kwa sabuni ya unga.

Halafu kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, ikapiga yowe, ikakwama. Mkanda ukatoa moshi. Basi, kesho.

Alhamisi, 6 Februari
Profesa kaja kutafuta mtungi wake, kaukuta umekumbatiana na gari la mama mkwe wake. Kasema oili ya zamani haichanganyiki na gesi mpya, kompresa imezunguka kavu ikajisaga. Hakunifokea. Hilo ndilo liliniuma. Kaleta kompresa ya mtumba, kaanza upya mwenyewe. Mimi nilishika tochi. Niandike ukweli: niliishika vizuri sana.

Ijumaa, 7 Februari
Siku mbili, kama alivyosema. Baridi mpaka vidole vinauma! Tukamwita Baba. Kaingia, kapandisha vioo. Mimi nje, kifua mbele, nasubiri tabasamu.

Kafumba macho. Kavuta pumzi. Kavuta tena. Akainamia tundu la hewa, akatia kidole, akakitoa kitupu. Akashusha kioo, akaniuliza polepole ile pamba iko wapi.

Nikasema nimeichoma, Baba, ilikuwa chafu.

Akasema mama yako aliitia mwenyewe. Aliichovya marashi yake asubuhi ile tulipompeleka kulazwa, gari lisije likanukia dawa.

Akazima injini. Akampa shemeji ufunguo, akamwambia atafute mteja.

Dada kalia jikoni. Mimi sikulia. Nilikuwa naosha koleo, sabuni ikaniingia machoni. Yote mawili.

Jumamosi, 8 Februari
Baba hakuingia garini leo. Alasiri nzima kakaa sebuleni, kautazama ukuta. Hajanigombeza. Laiti angenigombeza. Nimemsihi Profesa asitafute mteja kwanza, anipe siku moja tu. Kanikubalia, sijui kwa nini.

Chupa ya marashi ya Mama haina hata tone. Nimezunguka maduka matano. Muuzaji wa mwisho kasema marashi hayo hayatengenezwi tena, na kaniuliza kama mama yangu anapenda harufu nzito au nyepesi. Nikasema nyepesi. Sina hakika.

Nimechukua ya chupa ya kijani. Na pamba, pakiti nzima. Kesho alasiri namwita Baba.

Marashi ni marashi.