Ng'ombe wa Mahari Waingizwa Kwenye Kompyuta

Iliyoanza ni redio ya Zuhura, muuza kahawa wetu. Hatujamaliza hata kikombe cha kwanza cha kahawa yake, hapa kijiweni kwetu nyuma ya soko la Shinyanga, ikatangaza kwamba kampuni moja inayopeleka nyama migodini Geita haitapakia tena ng'ombe mpaka kompyuta iigize safari nzima kwanza, kwa kutumia data kubwa.

"Data kubwa ndiyo nini?" akauliza Mzee Mageni. Tunamwita Waziri wa Mifugo, maana hata msibani anaongelea ng'ombe.

"Bando la mwezi," akadakia Rivasi, dereva wa bajaji ambaye hajawahi kukiri kwamba hajui kitu.

"Acha uongo wewe!" akasema Davis Vocha, muuza laini za simu. "Ni habari zote, mzee. Hereni za ng'ombe, vibali, bei za mnadani, mvua, dizeli. Kompyuta inazimeza, halafu inaigiza lori linaondoka, linakwama, linafika. Lori lenyewe limepaki tu."

"Na ng'ombe?"

"Anaigizwa."

"Na mavi yake?" akauliza Zuhura.

Tukacheka mpaka benchi likalia. Mzee Mageni hakucheka. Anayeiendesha kompyuta hiyo ni Charles, anayemuoa binti yake Mbuke Jumamosi. Siku hiyohiyo Enock, mtoto wa kiume wa mzee, anamuoa Noela, dada yake Charles. Mzee kaalika kata nzima ishuhudie ng'ombe thelathini wa mahari wakiingia kwake kutoka kwa akina Charles, Ushirombo, kwa lori la kampuni hiyo. Jumapili wanarudi kwa akina Noela kama mahari yake, lakini mzee kajenga zizi la usiku mmoja na kulipaka rangi. Majivuno haya!

Simu yake ikaita. Charles huyo. Akaweka spika makusudi, atukoge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Ng'ombe wameondoka?"

"Ndiyo shida yenyewe, baba. Kompyuta imeona thelathini wanakuja, thelathini walewale wanarudi. Imesema tunachoma dizeli bure. Imefuta safari."

Mzee akasimama, kahawa ikamwagikia suruali. "Watu wataangalia nini Jumamosi?"

"Nitakutumia video, baba. Wanaingia mmoja mmoja."

"Walionona?" akanong'ona Rivasi.

"Kelele wewe! Charles, binti yangu hatoki kwa ng'ombe wa katuni!"

"Hata hilo imeliona, baba. Msichana mmoja anakuja, mwingine anakwenda. Imesema kila mmoja abaki kwao."

"Na harusi?"

"Imeigizwa jana, baba. Sekunde nne. Imefana."

Kusema kweli, nilimwonea mzee huruma.

"Basi kaishi na kompyuta yako," akasema taratibu. "Mbuke haji."

Upande wa pili tukasikia kiti kikisukumwa.

"Baba, nampenda Mbuke. Lori limegoma, lakini ng'ombe nitawaswaga mwenyewe."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Leo Jumatano," akasema mzee, akiketi. "Sasa kwenye simu unangoja nini?"