Godoro Lililojaa Mawazo

Shaibu alikuwa ananyolewa ndevu pale mtaa wa Mabatini alipopata habari mbili kwa mpigo: kwamba Celestina, yule mjane wa Kihaya anayeuza ndizi bandarini, hapati usingizi, na kwamba haamini benki. Mtu halali usiku, na benki haiamini. Shaibu hakuhitaji kuambiwa amelalia nini.

Ilikuwa miezi ya mwisho ya kungoja uhuru. Mji mzima ulikuwa ukikesha kwa furaha, kwa hiyo aliyekesha kwa wasiwasi alijulikana upesi. Shaibu aliazima koti na miwani, akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtaalamu wa usingizi. Nimesomea Kampala."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe usingizi nao una shule?"

"Tena kubwa. Ukilala, mama, unawaza nini?"

"Kodi. Ndizi zinazooza melini. Mwanangu aliyeoa bila kuniambia."

"Basi!" Shaibu alilipapasa godoro la mjane kwa mapenzi. "Mawazo ni kama jasho, mama. Yanateremka kutoka kichwani yanaingia kwenye pamba. Kila siku unalalia wasiwasi wa jana! Utaoga maji ya moto, utakunywa maziwa, kazi bure. Hili nitalichoma mbali. Wewe nitakuletea langu, halijawahi kuona shida."

Langu, alisema. Godoro lilikuwa la Moza, mkewe, la sufi safi, alilolishona mama yake kwa mkono siku za harusi. Moza alikuwa kijijini Usagara akimuuguza mama huyo huyo. Shaibu alimpenda mkewe sana, na alimwogopa zaidi, lakini alijiambia kwamba kabla hajarudi atakuwa amemnunulia jingine la fahari, kwa pesa za mjane.

"Na mito?" Celestina aliuliza. "Mawazo hayaingii kwenye mito?"

"Yanaingia, mama."

"Na chandarua? Si kinaning'inia hapo hapo juu ya kichwa?"

Elimu ya Shaibu mwenyewe ilikuwa imemfunga kamba. "Nitaleta na chandarua."

Alipokwisha kuleta vyote, alilibeba godoro la mjane kichwani mwenyewe, mchana kweupe, maana kumwita mchukuzi ni kutaka kugawana. Nyumbani akalipasua. Pamba. Akapasua upande wa pili. Pamba tena, pamoja na kunguni waliokuwa wakizaliana humo tangu wakati wa vita. Hata senti moja hakuna. Angalau sasa ilieleweka kwa nini mjane halali.

Alirudi mbio kulichukua godoro la Moza, huku akijikuna. Uani kwa Celestina majirani walimpokea kwa vidole midomoni. "Polepole, daktari! Amelala! Sikia mwenyewe."

Mkoromo ulikuwa unatikisa bati. Shaibu akainua macho. Paa lote lilikuwa jipya, linang'aa. Pesa za mjane zilikuwa juu ya kichwa chake. Chini ya mgongo hazikuwepo kamwe.

Alikuwa bado analitazama alipoguswa bega. Moza! Mama yake alikuwa amepata nafuu mapema. Moza amefika nyumbani amekuta kitanda kitupu na pamba hadi mlangoni, na kila aliyemwona Shaibu akipita na godoro kichwani amemwelekeza kwa furaha. Alichungulia ndani. Mto wake, wenye maua aliyoyatarizi mwenyewe, ulikuwa chini ya kichwa cha mwanamke mwingine.

"Shaibu," alisema taratibu, na taratibu hiyo ndiyo iliyomtia Shaibu baridi. "Mito yangu imefuata nini kwa mjane?"

Majirani wakasogea wasikie vizuri. Wengi wao walikuwa wachukuzi wa bandarini, watu wa vifua vipana na wasiopenda wezi. Udaktari Moza asingeukubali hata kidogo, anamjua mumewe. Shaibu akinyamaza, hana mke. Akisema kweli, hana mbavu. Kwa mara ya kwanza maishani uongo ulimkimbia, na machozi yakamtoka ya kweli kabisa.

"Moza wangu, nilitaka kumwibia! Wallahi, kumwibia tu!"

Moza alimtazama machoni kwa muda, akaona hasemi uongo. Akashusha pumzi.

"Afadhali," alisema, akasogea kando kuwapisha majirani.