Ngazi Iliyomeza Viatu vya Wakwe

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Si nguo zenyewe. Afadhali zingekuwa nguo. Vilivyovuliwa ni viatu, tena si vyangu. Ni vya wakwe.

Nianzie mwanzo, maana habari imeshafika stendi na huko wameshaongeza chumvi.

Mnaotoka kwetu Mpapura mnalijua gari langu. Ni ile pikapu aliyoiacha marehemu baba, ikakaa juu ya matofali mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Nimeifufua kidogo kidogo, kila msimu wa korosho kifaa kimoja. Mwaka huu nikaijengea chumba mgongoni. Mbao, bati, dirisha, godoro, mkeka. Nyumba kamili yenye magurudumu! Nia yangu ni kuwapeleka wageni kule Mto Ruvuma unakoingia baharini, walale humohumo, waamke waone mikoko. Kilichobaki kilikuwa ngazi tu. Mlango uko nyuma, na uko juu. Mimi mwenyewe nilikuwa napanda kwa kreti la soda.

Sasa, mdogo wangu Zuhura ana mchumba Mikindani. Baba na mama walipofariki mimi nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikashika jembe, wadogo zangu wakasoma. Kwa hiyo mimi ndiye kaka, ndiye baba, na ndiye nitakayemwozesha. Posa tulishaipokea. Imebaki siku ya ndoa, na siku hiyo imeshikwa na mama wa bwana harusi, Bi Mwanaisha. Mama huyu alisikika kwenye msiba mmoja akisema hivi:

"Binti hana neno. Lakini nyumba ile haina mkubwa."

Nyumba haina mkubwa! Na mimi nipo! Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Nikaona dawa ni moja. Nimwalike aje aone kwa macho yake, tena nikamchukue mwenyewe na gari langu, akae juu ya mkeka kama malkia. Akakubali. Ila akatuma ujumbe kwamba magoti yake hayataki kurukaruka. Ndipo suala la ngazi likawa suala la ndoa.

Nikaenda kwa Fundi Issa, mchomeleaji wetu. Akanionyesha tatu. Ya kwanza ilikuwa ngazi ya chuma ya kusimama, kama ya kupandia kwenye tangi la maji. Nikaikataa. (Huwezi kumpandisha mkwe kama fundi bomba.) Ya pili ilikuwa sanduku la mbao lenye vidaraja viwili, pana, zito, unaliweka chini ya mlango basi. Ya tatu, jamani, ya tatu! Ilitoka kwenye basi bovu la watalii. Inajikunja yenyewe. Ukizima gari inashuka taratibu, ukiwasha inapanda na kujificha chini ya mlango. Inanguruma kidogo, kama paka aliyeshiba.

"Hii!" nikasema.

"Chukua sanduku," akasema Fundi Issa.

"Sanduku la nini, fundi? Wakwe wanakuja."

"Ndiyo maana nakwambia sanduku. Hii ikisikia injini haina subira. Haiulizi nani yupo."

"Nitahakikisha wameshaingia ndani ndipo niwashe. Mimi si mtoto."

Zuhura naye alipoiona alisema, "Kaka, sanduku lilikuwa na ubaya gani?" Mwanamume akishachagua ngazi amechagua.

Niliijaribu sawasawa, msiseme sikuijaribu. Nikapanda mwenyewe. Nikaweka gunia la korosho. Nikamwomba jirani yangu Mzee Bakari, ambaye kiti cha plastiki humkimbia, apande na kushuka. Ngazi haikutikisika. Nikawasha gari, ikapanda. Nikazima, ikashuka. Nikalala usingizi mzuri.

Nilijaribu kila kitu ambacho ngazi hubeba, isipokuwa kimoja. Mtakijua sasa hivi.

Leo asubuhi nikafika Mikindani. Nimevaa kanzu, kofia, na chini ndala, maana viatu vyangu vya ngozi vilimalizwa na panya na nikajisemea kanzu ni ndefu, nani ataona miguu. (Kumbukeni hizo ndala. Ya kulia ukanda wake nimeufunga kwa waya.) Bi Mwanaisha akatoka na wifi yake, Bi Somoe, yaani shangazi wa bwana harusi, mama mcheshi asiyefunga mdomo. Wote buibui safi, udi unanukia mpaka barabarani. Na viatu! Bi Mwanaisha alikuwa na makubazi mapya ya dhahabu aliyonunuliwa na mwanawe kwa ajili ya safari hii hii. Bi Somoe vyeusi vya kisigino.

Nikazima gari. Ngazi ikashuka, ikanguruma.

"Ee! Inatusalimia!" akasema Bi Somoe.

Bi Mwanaisha nyusi zilipanda. Nikajua nimepata. Nikatembea kwenda mbele kwa heshima, ili nisiwe mwanamume anayesimama kuangalia wakwe wanapanda. Nikakaa kwenye usukani. Nikasubiri. Nikaita:

"Mmeshaingia, mama zangu?"

"Tumeingia!"

"Mmekaa?"

"Tumekaa, mwanangu. Twende!"

Nikawasha gari.

Sasa nisikilizeni. Mtu wa kwetu akiona mkeka, anafanya nini mlangoni? Anavua viatu. Na chini palikuwa na tope la maji yaliyomwagwa hapo. Basi mama zangu kwa adabu zao hawakuviacha kwenye tope wala hawakuingia navyo. Wameviweka wapi?

Kwenye ngazi. Vimepangwa vizuri, kama mlangoni mwa msikiti.

Mimi mbele sikuona kitu. Ngazi ikasikia injini, ikapanda na viatu vyake, ikavikumbatia chini ya mlango. Ikaanza safari ya kwenda Mpapura. Na barabara ile ina matuta. Kila tuta, kiatu kimoja. Tuta, kiatu. Nilikuwa navipanda barabarani kama mtu anayepanda mahindi.

Watu walianza kunipungia mikono. Nikasema moyoni, naam, wameliona gari! Wengine walikimbia pembeni wakionyesha vidole. Nikapiga honi kuwajibu. Mama mmoja muuza mihogo alisimama nyuma ya meza yake, akainua mikono yote miwili, akapiga kelele. Nikamtolea salamu ya mkono kama mbunge. Bodaboda mmoja akanifuata nyuma, honi haimtoki kidoleni. Nikamwambia kwa mkono, pita, barabara ni ya wote. Hakupita. Nikaona huyu ananisindikiza. Nikaongeza mwendo kidogo ili msafara upendeze.

Nyuma nikasikia Bi Mwanaisha anasema kupitia kidirisha, "Kumbe kaka yake Zuhura anajulikana."

Jamani, machozi yalinilenga. Nikaona hata baba kaburini anatabasamu.

Tukafika nyumbani. Zuhura amefagia uwanja mpaka unang'aa. Majirani wamejaa, vigelegele vinapanda. Nikasimamisha gari, nikazima, nikaenda nyuma kwa mwendo wa mwenye nyumba. Ngazi ikashuka, inanguruma. Juu yake kulikuwa na kiatu kimoja cheusi. Hakina kisigino.

Mlango ukafunguliwa. Bi Mwanaisha akatazama ngazi. Akatazama chini ya ngazi. Akatazama nyuma ya gari, barabara tupu mpaka mwisho wa macho. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Viatu vyetu viko wapi?" akauliza polepole.

Niliinama, nikachungulia chini ya gari.

Bi Somoe akachungulia nyuma ya bega la wifi yake. "Wifi, tumeletwa kupanga ndoa au tumeletwa kutawadha?"

Majirani walijitahidi. Naapa walijitahidi. Aliyeanza ni Mzee Bakari, tumbo likacheza kwanza, halafu uwanja mzima ukaanguka. Na pale pale yule bodaboda akaingia, vumbi mpaka kwenye kope, viatu vinaning'inia kwenye usukani.

"Kaka! Wewe masikio umeyaacha nyumbani? Nimekufukuza tangu Mikindani!"

Nilitaka kumbusu. Akavitoa. Kubazi moja la dhahabu, lina alama ya tairi la lori kutoka kisigino mpaka kidole. Na kiatu kimoja cheusi. Tukakiweka karibu na kile kilichobaki kwenye ngazi. Vyote viwili vya mguu wa kushoto! (Kimoja kilikuwa chao. Cha pili mpaka sasa hatujui kimetoka kwa nani.)

Bi Mwanaisha alikuwa bado amesimama mlangoni, miguu mitupu, jua la saa sita limeuchoma mchanga kama kikaango. Akasema kwa sauti ya chini, ila uwanja wote ulisikia:

"Mimi nilisema. Nyumba hii haina mkubwa."

Hapo ndipo nilipokufa. Vile vicheko vyote vilikuwa maji tu. Neno hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu lilimgusa Zuhura, na Zuhura alikuwa amesimama na sahani ya tende, anatazama chini.

Nikavua ndala zangu. Nikapiga magoti pale chini ya ngazi, nikazipanga mbele yake, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Mwenye nyumba, kanzu nyeupe, peku. Mchanga uliniunguza mpaka nikapiga shahada.

Akashuka. Akazivaa. Zilimmeza. Halafu akainama kidogo, akautazama ule waya.

"Hii umeifunga mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Inashika?"

"Inashika tangu msimu uliopita."

"Mbona hukununua mpya?"

Kabla sijatunga uongo, Zuhura akajibu, "Msimu uliopita kaka alilipa ada ya mdogo wetu, mama."

Bi Mwanaisha akaenda ndani akiburuza ndala, kwaja kwaja. Bi Somoe tulimpa mabuti ya shamba. Aliyapenda, akawa anatembea nayo huku na huku uwanjani kama bwana shamba.

Wakala. Pilau niliwapakulia mimi mwenyewe, peku. Habari ya siku ya ndoa haikutajwa. Nilisubiri kwenye chai, haikutajwa. Nikasubiri kwenye matunda, wapi.

Wakati wa kurudi Bi Mwanaisha alikataa kabisa chumba cha nyuma. Akakaa mbele pembeni yangu, ndala miguuni, Bi Somoe akapanda nyuma na mabuti yake. Njiani tukampita yule muuza mihogo. Kubazi la pili la dhahabu lilikuwa mezani kwake, limekaa juu ya fungu la mihogo. Nikasimama kuliomba.

"Si nilikupigia kelele?" akasema. "Ukanipungia mkono! Nikasema huyu leo anaoa."

Nikasikia kitu pembeni yangu. Bi Mwanaisha alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya buibui. Sijui alikuwa anakohoa au anacheka. Sitaki kujipa moyo.

Mikindani, mlangoni kwake, nikajikaza. "Mama, ile habari ya siku..."

"Ndala zako nitazileta mwenyewe," akasema.

"Na siku, mama?"

"Nikija nimelishika neno, utalisikia. Nikija nimeshika ndala tu, utajua." Akafungua mlango wa gari, akashuka taratibu, akageuka. "Na usije kunifuata na hii nyumba yako. Nitakuja na bajaji."

Basi. Niko nyumbani, peku, kwa sababu ndala zenyewe ndizo hizo. Fundi Issa amepita jioni hii, amelishusha lile sanduku la mbao mbele ya mlango wangu, akaondoka. Zuhura anaosha vyombo na hanitupii lawama, jambo ambalo ni baya kuliko lawama. Kila bajaji inayokata kona moyo wangu unapanda kama ile ngazi.

Anayetaka kucheka acheke, sina nguvu za kumzuia. Ila akija kunipa pole, viatu vyake avishike mkononi.